Kubadilisha henza na kuganga foromali ya mashua ndogo

Kila kusi inapokaribia maswali ni yale yale. Henza imekatika, ninunue kamba gani? Foromali ina ufa, niigange au niitupe? Mlingoti unacheza, nigongelee msumari? Hilo la mwisho nalijibu papa hapa: usigongelee. Mengine yanataka maelezo kidogo, na majina nitayafafanua hapo chini.

Maelezo haya ni ya chombo cha tanga moja la pembetatu, mashua au dau la mita tano hadi saba, na sehemu kubwa inafaa ngalawa pia. Kama chombo chako ni cha kisasa, mlingoti wa aluminiamu ulioshikwa na nyaya za chuma, chukua neno moja tu kutoka kwangu: uzi mmoja wa waya ukikatika, waya mzima unabadilishwa. Waya haugangwi. Mengine muone fundi wa vyombo hivyo.

Kabla ya kushika chochote, tafuta chanzo. Kilichovunjika mara nyingi sicho kilichoanza kuharibika. Henza hukatika kwa sababu roda imegoma kuzunguka. Foromali hupasuka kwa sababu kitanzi chake kililegea na ikawa inaupiga mlingoti kila wimbi. Ukitia kipya juu ya chanzo kile kile, utarudi dukani kabla msimu haujaisha.

Tuelewane majina, maana kila bandari ina yake. Foromali ni mti ulioshika tanga juu. Henza ni kamba inayotweka na kutua foromali. Kwenye majahazi henza na jarari ni kamba mbili tofauti, lakini kwenye chombo kidogo huwa moja, nami nitaiita henza. Roda ni gurudumu lililo ndani ya kapi au ndani ya tundu la kilele cha mlingoti. Demani ni kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, ile unayoishika mkononi. Goshi ni pembe ya mbele. Kitanzi, katika maelezo haya, ni pete ya kamba inayoizuia foromali isitoke kwenye mlingoti.

Vitu vya kuwa navyo

- Kamba mpya ya henza, ya misokoto mitatu, milimita 12 hadi 14
- Uzi mnene wa kuvulia au uzi wa nailoni, shazia (sindano kubwa ya kushonea tanga) na nta
- Kisu kikali, msumeno, tezo, randa, patasi, msasa
- Kijiti cha mti mgumu kilichochongwa ncha, cha kufungulia misokoto ya kamba
- Kabari za mti mgumu, kubwa na ndogo
- Vipande vya mbao ngumu vya kugangia, au mti mpya wa foromali
- Grisi au shahamu
- Sifa (mafuta ya papa), au vanishi ya nje
- Kipande cha mkaa cha kutilia alama
- Watu wawili zaidi yako. Mlingoti wa mita tano hauteremshwi na mtu mmoja, hata awe na kifua kipana vipi.

Kuhusu kamba niseme zaidi, kwa sababu hapa ndipo pesa inapotea. Madukani kila kamba inaitwa manila. Muulize muuzaji, kisha jipimie mwenyewe. Kata kipande, kitupe kwenye ndoo ya maji. Kikielea, hiyo ni polipropilini: rahisi, nyepesi, lakini jua huila ikawa inatoa unga ukiisugua kwa kidole. Inafaa kwa boya, haifai kwa henza. Kikizama ni nailoni au poliesta. Vuta kwa nguvu: nailoni hunyooka sana, nzuri kwa nanga, mbaya kwa henza kwa sababu utatweka tanga juu na baada ya muda litakuwa limeshuka lenyewe. Unayoitaka ni poliesta. Ikikosekana, katani nzuri bado inafanya kazi, ila huoza kutoka ndani. Ifungue misokoto kila baada ya miezi michache uitazame moyo wake. Ukikuta vumbi la kahawia ndani, imekwisha, hata kama nje inang'aa.

Urefu: kwa henza ya njia moja, mara mbili ya urefu wa mlingoti na mita tatu za kufungia. Kama una makapi ya kupunguza uzito, hesabu kila njia ya kamba kutoka juu hadi chini, kisha ongeza hizo tatu.

Siku ya kazi

Pandisha chombo pwani maji yakiwa yamejaa, ukitie magadi, yaani miti ya kukiegemeza, pande zote mbili. Ila chagua siku vizuri. Ukikipandisha kwenye kilele cha bamvua, maji yanapojaa kuliko siku zote, maji ya siku zinazofuata hayatakifikia na utakaa ukisubiri karibu wiki mbili. Kipandishe siku chache kabla, maji yakiwa bado yanaongezeka kila siku, ili ukimaliza bahari ije ikuchukulie. Na anza asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaamka. Kazi kubwa kama kubadilisha mlingoti iweke wakati wa maleleji, kusi na kaskazi zinapopokezana.

Hatua kwa hatua

1. Tia alama kila kitu kabla ya kufungua. Kwa mkaa, weka alama mahali henza ilipofungwa kwenye foromali. Weka nyingine kwenye mlingoti pale unapopita kwenye ubao wa kukingama, ule uliolazwa kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, na moja upande wa mbele wa mlingoti. Mlingoti wa vyombo vyetu hulala mbele kidogo ili foromali ining'inie mbali nao. Ukiurudisha wima au umegeuka, chombo hakitakwenda kama ulivyokizoea. Piga picha kwa simu pia. Wanaoanza huruka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto, kisha jioni wanabishana henza ilifungwa wapi.

2. Tua foromali na ufungue tanga. Usifanye kazi ya mlingoti tanga likiwa bado limefungwa. Upepo mdogo tu ukiingia ndani yake, chombo kinalala juu ya magadi. Tanga likiwa chini, pitia dasi, ile kamba iliyoshonwa ukingoni mwa tanga. Ukiona mshono umeachia, shazia na uzi wa nta viko karibu, maliza sasa.

3. Teremsha mlingoti. Tazama juu kwanza: nyaya za umeme, matawi ya miembe. Toa kabari moja moja ukizihesabu na uzipange kwa mpangilio wake. Funga kamba mbili kileleni, mtu mmoja ashike ya mbele, mwingine ya nyuma, nawe ushike kitako. Mtu asisimame upande unaoangukia. Ukishatoka kwenye tundu, ulaze juu ya magogo mawili, usiulaze mchangani.

4. Uchunguze mlingoti. Ukwangue rangi pale unapopashuku; rangi mpya kwenye chombo kilichonunuliwa mkononi ni ya kutiliwa mashaka daima. Mambo matatu unayatafuta.

Kwanza, kitako. Choma kwa ncha ya kisu. Mti mzima hukataa kisu, uliooza hukikaribisha. Watu wengi hudhani chumvi ndiyo inayoozesha. Chumvi huhifadhi mti. Adui ni maji ya mvua yanayotuama kwenye tundu la chini. Hakikisha tundu hilo lina njia ya kutoa maji, na kama halina, litoboe leo.

Pili, nyufa. Ufa unaofuata urefu wa mti kwa kawaida ni wa kukauka tu, na mlingoti unaweza kuishi nao miaka. Wa kuogopa ni mstari unaokata mti kwa upana, hata uwe mwembamba kama unywele, hasa karibu na ubao wa kukingama. Huo ni mti uliokwisha kuvunjika nyuzi za ndani na unangoja dhoruba. Hauna dawa. Mlingoti wenye mstari huo unabadilishwa.

Tatu, misumari. Kila tundu la msumari ni mlango wa maji na ni mahali pa kuvunjikia. Wenye bidii hupiga misumari minne mduara mmoja kwenye kimo kimoja ili wapate pa kufungia kamba, kisha mlingoti hukatika hapo hapo kama biskuti. Ukitaka pa kufungia kamba, funga kipande cha mti kwa uzi mnene. Tundu za zamani zizibe kwa vijiti vilivyotiwa gundi.

5. Kagua roda. Izungushe kwa kidole. Ikigoma, toa msumari wake wa katikati, safisha, paka grisi au shahamu. Roda ya mbao iliyovimba ichongwe kidogo pembeni hadi izunguke bure. Pitisha kamba mpya: iwe na nafasi kidogo kila upande. Kamba nene kuliko mfereji wa roda hujikaba. Nyembamba sana huteleza kati ya roda na ukuta, ikabanwa huko. Chombo kisicho na roda, kina tundu tu kileleni, basi mdomo wa tundu ulainishwe kwa msasa hadi uwe mviringo, usiwe na pembe kali, kisha upakwe shahamu. Henza nyingi zinazokatika zilikatwa na mdomo huo.

6. Andaa henza. Ncha moja ya kamba inahitaji jicho la kudumu. Fundo hupunguza nguvu ya kamba, wakati mwingine hadi karibu nusu. Jicho lililosukwa hupunguza kidogo tu. Kusuka si kugumu:

Fungua misokoto mitatu kiasi cha sentimita 40. Funga kila ncha kwa uzi, au ichome kama ni ya plastiki. Kunja jicho la ukubwa unaotaka. Kwa kijiti, inua msokoto mmoja wa kamba nzima na upitishe mkia wa katikati chini yake, ukielekea kinyume cha msokoto wa kamba. Mkia wa kushoto upite chini ya msokoto unaofuata kushoto. Geuza kazi, mkia wa tatu upite chini ya msokoto uliobaki. Sasa mikia mitatu inatoka sehemu tatu tofauti. Ikitoka miwili mahali pamoja, umekosea, fungua uanze tena. Baada ya hapo kila mkia unapita juu ya msokoto mmoja na chini ya unaofuata. Katani inatosha mizunguko mitatu. Poliesta na nailoni huteleza, nenda mitano au zaidi. Kaza kila mzunguko, usiache kukaza kwa mwisho.

Jicho la kwanza litakuwa baya. Lisuke kwenye kipande cha kamba kuukuu, sio kwenye henza mpya.

7. Amua kama foromali inagangika. Ufa ukiwa karibu na mahali henza inapoishika, achana nayo. Hapo ndipo mzigo wote ulipo. Ukiwa kuelekea ncha ya juu, ambako mti ni mwembamba na mzigo ni mdogo, inagangika. Iliyokatika vipande viwili inagangika kwa kukufikisha nyumbani, si kwa kufanyia kazi msimu mzima. Najua mtaani wapo wanaovulia na foromali za viraka vitatu. Nawe utawaona wakipiga makasia.

8. Kuganga. Funga ufa kwanza kwa kurudisha mti mahali pake. Gundi ya epoksi husaidia, lakini mti lazima uwe mkavu kabisa, vinginevyo ni kupoteza gundi. Ile resini ya kawaida ya kutengenezea boti za faiba haishiki mbao vizuri. Chukua vipande viwili au vitatu vya mbao ngumu, uvichonge upande wa ndani vikumbatie mviringo wa foromali. Kila upande wa ufa, gango, yaani vipande hivyo, lipite angalau mara nane ya unene: foromali ya sentimita 7 inataka sentimita 55 hivi kila upande. Ncha za gango zichongwe zife polepole. Ikiachwa ncha butu, foromali itavunjika pale gango linapoishia.

Funga kwa uzi mnene, mizunguko iliyobanana, kila fungo upana sawa na unene wa mti. Usifunge fungo moja refu. Fanya mafungo matano au sita yaliyoachana, ili likikatwa moja mengine yabaki. Mwisho pigilia kabari nyembamba chini ya kila fungo hadi lilie kama ngoma ukilipiga kwa kidole. Uzi wa nailoni ukilowa hulegea, kwa hiyo uvute kweli kweli, na ukague kabari baada ya safari ya kwanza. Vipande vya tyubu ya baiskeli ni vizuri kwa dharura na kwa kufunika uzi usisuguliwe. Visiwe ndio ufungaji wenyewe.

9. Au tia foromali mpya. Tafuta mti ulionyooka, wenye mafundo machache na yaliyotawanyika. Mvinje hupatikana kwa urahisi na ni mgumu, ila ni mzito. Boriti za mikoko ni nzuri, lakini mikoko ina sheria: nunua kwa mwenye kibali. Tazama nyufa ndogo za gome. Zikiuzunguka mti kama ngazi ya mnara, mti huo utajisokota ukikauka. Menya gome, paka ncha zote mbili rangi ili usipasuke, uukaushe kivulini, juu ya magogo, wiki kadhaa. Jua kali litakupa foromali ya upinde. Ukikosa mti mrefu, unga miwili kwa kulaza ncha zao nene pamoja katikati, zipishane angalau robo ya urefu wote, na ufungaji uwe kama wa hatua ya nane. Ikishakuwa tayari, paka sifa mara mbili tatu.

10. Simamisha mlingoti na urudishe kamba. Pitisha henza kwenye roda kabla ya kuinua. Sitanii, ni kosa la kila wiki. Kitako kiingie, alama ya mbele itazame mbele, kabari zirudi kwa mpangilio wake. Zikazwe kwa nyundo polepole kwa zamu, pande zote, zisikazwe za upande mmoja kwanza.

11. Funga kitanzi. Kiwe na nafasi ya vidole viwili foromali ikiwa imeegemea mlingoti. Kikibana, tanga halitashuka. Kikilegea, foromali itatangatanga. Kipake shahamu.

12. Jaribu nchi kavu. Ning'iniza mfuko wa mchanga wa kilo 50 kwenye henza, uuinue shibiri mbili, uuache kwa muda. Sikiliza mlingoti, tazama jicho ulilosuka, tazama mafungo. Kisha tweka foromali bila tanga mara kadhaa na uitue ghafla kila mara. Ni lazima ishuke kwa uzito wake yenyewe. Ikikwama hata mara moja, usiende majini. Safari ya kwanza iwe ndani ya mwamba, upepo wa wastani, na henza ya zamani, kama bado ina uhai, iwe ndani ya chombo kama akiba.

Ikienda kombo

*Tanga halishuki.* Hili ndilo la hatari kuliko yote, kwa sababu hugundulika upepo ukishakuwa mkali. Achia demani kabisa ili tanga lipepee, kisha vuta foromali chini kwa goshi. Ukifika pwani kagua kitanzi, kisha roda, kisha unene wa kamba, kwa utaratibu huo.

*Henza inalika mahali pale pale.* Kata nusu mita upande wa foromali na usuke jicho upya, ili sehemu nyingine ikae juu ya roda. Ikirudia, mdomo wa tundu una pembe kali.

*Tanga linashuka lenyewe taratibu.* Umeuziwa nailoni.

*Chombo kinang'ang'ania kugeukia upepo na usukani umekuwa mzito.* Mlingoti umerudi nyuma kuliko zamani, au henza umeifunga kwenye foromali mbele ya alama. Rekebisha kwa kabari, kidogo kidogo. Kikikimbia upepo badala ya kuugeukia, ni kinyume chake.

*Mlingoti unalia.* Mlio mwembamba chombo kinapoyumba ni wa kawaida. Mlio wa "ta!" mmoja mmoja ukifuatana na kusogea kwa kabari si wa kawaida: tua tanga, kaza, kisha tazama tena ule mstari wa upana.

*Henza imekatika mko baharini.* Mtu asipande mlingoti. Kwenye chombo kidogo uzito wa mtu juu unatosha kukipindua. Kusanyeni tanga lisizame na kuwavuta, pigeni kasia au pondo. Kama mlingoti unalazika na bahari imetulia, ulazeni, pitisheni demani kileleni iwe henza, na mtumie kamba yoyote fupi badala ya demani.

*Foromali imevunjika mko baharini.* Usiitupe. Kunja upande uliovunjika pamoja na tanga lake uufunge juu ya upande mzima, tweka hiyo nusu kimo cha chini tu, na uende na upepo hadi pwani iliyo karibu, hata kama siyo ya kwenu. Kasia moja ngumu na uzi wa kuvulia ni gango tosha la dharura, kwa hiyo visikose chomboni hata kwenye safari ya nusu saa.